Shamba ni la Nani, na Linamlisha Nani? Chakula na Mkulima Mdogo katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Ni jambo la kawaida katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kuliona shamba kama uwanja wa mgogoro. Tangu miaka ya 1970, uhakiki wa kitabaka uliposhika mizizi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mhakiki akutanapo na shamba ndani ya riwaya au tamthilia hujiuliza swali moja la msingi: shamba hili ni la nani? Swali hilo limetufaa sana. Limetuwezesha kumtambua kabaila na mtwana wake, kufuatilia njia za unyonyaji, na kuziweka kazi zetu za fasihi ndani ya historia iliyozizaa. Lakini kuna swali la pili ambalo limekuwa likisukumwa kando, nalo ni hili: shamba hili linamlisha nani, na linamlisha nini?

Makala haya yanakusudia kulirejesha swali hilo katika uhakiki wetu. Tunashikilia kwamba mhakiki asiyeuliza kinacholiwa hawezi kulieleza kikamilifu hata suala la umiliki, kwa kuwa uzito wa kunyang'anywa shamba haujulikani mpaka ijulikane ni mlo gani ulioondoka pamoja nalo. Tutaziangalia kazi nne. Tatu ni riwaya: Utubora Mkulima ya Shaaban Robert (1968), Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978). Ya nne ni utungo wa Ahmed Sheikh Nabhany, Umbuji wa Mnazi (1985). Tutajaribu kuonyesha kwamba jibu lililo kamili zaidi la swali letu limo katika kazi hiyo ya nne, ambayo wengi wetu tumeizoea kama hazina ya msamiati kuliko kama fasihi. Na kwamba hata jibu hilo lina pengo lake.

Shamba kama shule ya utu

Utubora Mkulima ilichapishwa miaka sita baada ya kufariki kwa mwandishi wake. Kisa chake kinafahamika: Utubora anaiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kuishi kwa jembe katika kijiji cha Busutamu. Wahakiki wamekubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba ukulima katika riwaya hii ni uamuzi wa kimaadili. Mtu anayeishi kwa kazi ya mikono yake anaepukana na tamaa, na utu wake unapata mahali pa kukaa. Usomaji huo ni wa haki, na jina la mhusika lenyewe linauthibitisha.

Hata hivyo, swali letu la pili linaleta tatizo. Uzito wa masimulizi umewekwa juu ya uamuzi wa kulima kuliko juu ya kulima kwenyewe. Mkulima halisi ana hofu ya mvua kuchelewa, ana ngedere na nguruwe mwitu wa kuwafukuza, ana deni la mbegu na jirani wa kumwomba msaada wa palizi. Hofu hizo si mapambo ya mandhari, kwani ndizo zinazomfundisha mkulima kwamba hawezi kuishi peke yake. Shaaban Robert anamfikisha Utubora kwenye utu kwa njia ya tafakuri na mwenendo mwema. Shamba linakuwa mahali tulivu pa kufikia uamuzi huo. Kwa hiyo riwaya inatupa falsafa ya ukulima lakini inatunyima uchumi wake. Hatulisemi hili kwa nia ya kumshusha hadhi mwandishi. Tunasema tu kwamba sifa ya kilimo na maarifa ya kilimo ni vitu viwili, na kwamba uhakiki wetu umevichanganya mara nyingi, hasa katika maandishi yaliyozichukua kazi zake kama utangulizi wa siasa ya kujitegemea.

Karafuu na muhogo

Tukihamia Unguja ya Shafi Adam Shafi, shamba linabadilika kabisa. Tafsiri ya Kifaransa ya Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1986, ilipewa jina linalotaja mikarafuu ya Zanzibar, na mfasiri hakukosea. Mkarafuu ndio mti unaoisimamisha kasri. Ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikapandwa kwa kazi ya watumwa, na mazao yake yakaondoka kwa majahazi na meli. Jambo lililo muhimu kwetu ni hili: karafuu ni zao ambalo aliyelivuna hakuweza kushiba kwalo. Mchumaji wa karafuu alirudi nyumbani na harufu mikononi, akatafuta chakula mahali pengine.

Mahali hapo palikuwa wapi? Historia ina jibu. Baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, wenye mashamba wengi waliwaruhusu watu wasio na ardhi kukaa chini ya mikarafuu na kupanda muhogo, migomba na mazao mengine ya chakula, nao kwa upande wao wakapalilia mikarafuu ya mwenye shamba. Katika ardhi ile ile yalikuwapo mashamba mawili, moja juu ya jingine: la juu la biashara ya dunia, la chini la chungu cha nyumbani. Mapatano hayo hayakuandikwa popote. Mambo ya siasa yalipochacha baada ya uchaguzi wa 1957, wenye mashamba kadhaa waliwafukuza wakaazi hao, na muhogo ukawa jambo la siasa kabla ya kuwa jambo la Mapinduzi ya 1964.

Sasa tumrejee Kijakazi, mtumishi anayehangaika na ng'ombe wa Mwinyi Fuad na ambaye utiifu wake kwa bwana wake unaendelea hata Mapinduzi yanapokwisha kufika. Uhakiki umezoea kumweleza kama mfano wa fahamu ya kitabaka iliyolala. Maelezo hayo yanamfanya Kijakazi awe mjinga, na riwaya iwe somo la kumwamsha. Swali la chakula linatupa njia nyingine. Maziwa anayoyashughulikia Kijakazi yanakwenda kasrini, yaani anailisha nyumba ambayo haimlishi isipokuwa kwa ruhusa. Katika mpango ambamo mtu hula kutoka kipande cha ardhi alichokipata kwa hisani ya mwenye shamba, utiifu huwa ndiyo kodi ya shamba. Anayeuvunja huhatarisha muhogo wake. Hatudai kwamba mwandishi ametamka hivyo. Tunachodai ni kwamba historia ya kisiwa inamruhusu msomaji kuuona utiifu wa Kijakazi kama hesabu ya mtu anayejua chakula cha kesho kitatoka wapi, na kwamba usomaji huo unamrudishia Kijakazi akili yake.

Nyota ya Rehema inalisogeza jambo hili karibu zaidi na mkulima mdogo. Rehema, binti aliyenyimwa nafasi yake katika ukoo wa baba yake, anapata utulivu katika maisha ya shamba pamoja na Sulubu, mtu wa jembe. Baadaye shamba walilolitolea jasho linadaiwa na Karim kwa nguvu ya sheria, na mgogoro unaishia kwa Sulubu kumuua. Wahakiki wameueleza mwisho huo kama mlipuko wa hasira ya kitabaka, na wengine wameuona kama udhaifu kwa kuwa ni kitendo cha mtu mmoja kisichobadili mfumo. Pande zote mbili zinalihesabu shamba kama mali. Lakini kwa Sulubu shamba ni kazi iliyokwisha kugeuka chakula na chakula kilichokwisha kugeuka nyumba. Karim anapodai ardhi, anadai kitu kinachoweza kuandikwa katika karatasi. Anachokipoteza Sulubu hakina mahali pa kuandikwa katika karatasi hiyo: vichaka vilivyofyekwa, misimu iliyosubiriwa, mlo wa jioni wa watu wawili waliokataliwa na wengine. Sheria haina neno la kukitaja kitu hicho. Ndiyo maana Sulubu anakosa la kusema mbele yake, na panga linachukua nafasi ya hoja.

Lugha ya mnazi

Hapo ndipo Umbuji wa Mnazi unapoingia. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, anajulikana zaidi kama mtaalamu wa lahaja na mbunifu wa istilahi; neno runinga ni miongoni mwa yale yanayohusishwa naye. Kabla ya utungo huu alikuwa amekwisha kutoa Sambo ya Kiwandeo (1979), unaohifadhi maarifa ya ujenzi wa jahazi. Katika Umbuji wa Mnazi, uliohaririwa na A. A. A. El-Maawy, anaufanyia mnazi kazi ya namna hiyo: anaueleza mti, sehemu zake na manufaa yake kwa msamiati ambao Waswahili wengi wa leo hawanao tena.

Tungo za aina hii zimepata mapokezi ya heshima yasiyokuwa na uhakiki. Tunazisifu kwa kuhifadhi lugha, kisha tunazipeleka kwa wanaisimu. Sababu inayotolewa, ama waziwazi ama kwa kunyamaza, ni kwamba kuorodhesha si kusanii. Hakuna mgogoro, hakuna mhusika, hakuna kilele. Tunadhani hukumu hiyo inatokana na kutoijua kazi inayofanywa na orodha yenyewe.

Tuchukue hatua za tunda tu. Baada ya karara kupasuka na upunga kutokeza, huja kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, na mwishowe nazi. Si ajabu mwanafunzi wetu akidhani kitale ni mji wa Trans Nzoia peke yake. Kwake yeye majina haya ni visawe vya ziada vya kitu kimoja. Kwa mwenye mnazi kila jina ni uamuzi. Nazi huchukua karibu miezi 12 kukomaa, na dafu hufaa kuangushwa takriban kati ya mwezi wa 6 na wa 8. Anayeuza dafu leo amekata shauri kwamba hatakuwa na nazi ya tui msimu ujao, wala mbata ya kukamuliwa mafuta. Anayemkodisha mgema amekata shauri kubwa zaidi, kwa sababu kole linalogemwa tembo halizai nazi. Koroma nalo ni tunda la mashaka: maji yake yamepungua utamu na nyama yake haijafaa kukunwa. Mwenye kuliangusha koroma ama ana shida ya fedha ama ameibiwa na asiyejua.

Kwa hiyo msamiati huu ni kalenda ya uchumi wa nyumba ndogo. Una mgogoro ndani yake, tena mgogoro wa kila siku: kati ya kiu ya sasa na mchuzi wa baadaye, kati ya fedha za mgema na chungu cha mama. Msanii anapolipa kila hatua jina lake, anatuonyesha mahali ambapo watu hufanya hesabu zao. Orodha yake ni ya kitamthilia kwa anayeijua kazi. Kwa asiyeijua ni kamusi.

Orodha hiyo inaendelea hadi jikoni. Nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha hukamuliwa katika kifumbu, tui la kwanza lililo zito hutengwa na la pili lililo jepesi, na chicha iliyokwisha kukamuliwa huwaendea kuku. Kifuu huwa kata au upawa, makumbi huwa kamba, makuti huwa paa, chelewa huwa fagio. Mti mmoja unawaita watu wengi: mkwezi, mgema, msusi wa makuti, msokota kamba, mwenye kukamua mafuta, mpishi. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuumaliza mnazi peke yake. Jamii inayouzunguka mti huu imeunganishwa na mabaki: kinachotupwa na mmoja ndicho anachokianzia mwenziwe. Tukirudi sasa kwa Utubora, tunaona kilichokosekana Busutamu. Ujirani anaouhubiri Shaaban Robert kwa maneno, lugha ya mnazi inautaja kwa majina ya kazi.

Hata sahani ya wali wa nazi ni hati ya historia kwa anayejua kuisoma. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mchele mwingi wa Zanzibar ulitoka ng'ambo, hasa Burma, na Wajapani walipoiteka nchi hiyo mwaka 1942 njia hiyo ilikatika. Tui lilibaki la nyumbani. Nusu ya sahani ilikuwa ya bahari na nusu ya shamba, na ile nusu ya pili ndiyo isiyokatika kwa vita vya mbali.

Ukimya wa mnazi

Hata hivyo, hatutautendea haki utungo wa Nabhany tukiusifu tu. Kama riwaya tulizozitaja zinauliza shamba ni la nani na kusahau linazaa nini, Umbuji wa Mnazi unaelemea upande wa pili. Mnazi wake ni mnazi wa Waswahili kwa jumla. Umesimama katika utamaduni, na utamaduni hauna mpaka wala hati.

Mnazi wa pwani ya Kenya haukusimama hivyo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilizigawa ardhi za ukanda wa pwani kati ya wamiliki binafsi na serikali ya kikoloni, na Wamijikenda wengi wakajikuta maskwota mahali walipokuwa wakilima. Tena katika mila za pwani mti na ardhi ni vitu viwili: mtu anaweza kumiliki minazi iliyo katika ardhi ya mwingine, akaiuza, akaiweka rehani au akairithisha. Utafiti wa David Parkin kuhusu Wagiriama wa Kaloleni, uliochapishwa mwaka 1972, ulieleza jinsi ununuzi wa minazi na ardhi ulivyowategemea wazee waliokuwa mashahidi. Aliyetaka kujitajirisha kwa minazi ilimbidi asikosane na wazee, maana bila neno lao hakuwa na ushahidi kwamba minazi ni yake.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mwanafasihi. Umiliki wa mnazi ulikuwa umiliki wa kusimuliwa: nani aliupanda, nani aliununua, mbele ya nani, kwa thamani gani. Shahidi alikuwa mtunza masimulizi. Hapa fasihi simulizi na uchumi wa shamba havikutengana hata kidogo, na hapa ndipo tungetarajia mtunzi wa mnazi aongezee sura ya mgogoro. Sulubu alikosa neno mbele ya karatasi ya Karim. Mzee wa Kaloleni alikuwa na neno hilo, na jamii ilikuwa imekubaliana kulisikiliza. Riwaya na utungo vinahitajiana. Riwaya ina kesi bila shahidi, na utungo una maarifa ya shahidi bila kesi.

Methali na somo la darasani

Kosa la kusoma bila kuuliza kinacholiwa linaonekana wazi zaidi katika namna tunavyofundisha methali. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kila mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kutoa maana yake, kwamba sifa huharibu. Lakini methali hii haikutungwa na mwalimu wa maadili. Imetoka kwa wanunuzi wa tembo. Inamjua mzalishaji mdogo anayeuza kwa majirani, inajua kwamba sifa yake hutegemea ndimi za majirani hao, na inajua hila anayoweza kuifanya akishawahakikisha wateja. Ndani yake mna soko, udhibiti wa ubora, na jamii yenye uwezo wa kutambua ladha iliyopungua. Vivyo hivyo, nazi mbovu harabu ya nzima ni kauli ya mtu aliyewahi kupanga nazi ghalani kabla ya kuwa onyo kuhusu marafiki wabaya. Tunapoiondoa methali shambani na kuibakiza na funzo tu, tunawaambia wanafunzi kwamba wakulima walikuwa na hekima lakini hawakuwa na maarifa. Huo ni upotoshaji, na sisi walimu ndio tunaoueneza.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la umiliki na swali la chakula havitenganiki, na kwamba kutenganishwa kwake kumeupunguzia uhakiki wetu uwezo wa kueleza. Kwa kuuliza kinacholiwa, tumeuona utiifu wa Kijakazi kuwa hesabu, hasira ya Sulubu kuwa ukosefu wa lugha ya kisheria, na utulivu wa Utubora kuwa utulivu usio na majirani wa kutosha. Kwa kuuliza tena ni wa nani, tumeliona pengo katika mnazi wa Nabhany.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni la nadharia: orodha, faharasa na msamiati wa kazi yanastahili kuhakikiwa kama sehemu ya sanaa ya utungo, na si kuachiwa wanaleksikografia. La pili linawahusu wanafunzi wetu wa uzamili. Wengi wao wamekulia mijini, ambako tui hununuliwa ndani ya pakiti dukani. Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya utungo wa mnazi bila kuzungumza na mkwezi, mgema na msusi wa makuti atapata maana za kamusi, na hataweza kueleza kwa nini koroma ni tunda la mashaka. Wazee wanaoweza kumweleza wanapungua mwaka hadi mwaka, na minazi yao inakatwa kwa ajili ya mbao na viwanja. Maneno yatakayobaki vitabuni baada ya hapo yatakuwa kama hati ya shamba lililokwisha kuuzwa: yatathibitisha kwamba kitu kilikuwapo, lakini hayatamlisha mtu.